Peponi, Vuta N'kuvute au Kuli: Uanze na Kipi?

Mpwa wangu alimaliza mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei, akaja kukaa nasi Kigamboni kusubiri majina ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, yatoke. Siku ya pili baada ya kufika alinifuata barazani akaniambia, "Shikamoo mjomba. Naomba kitabu cha kusoma, lakini kiwe kimoja tu, usinipe furushi." Mezani palikuwa na riwaya tatu nilizokuwa nimezimaliza ndani ya miezi miwili, sehemu kubwa nikizisoma kwenye foleni ya kivuko cha Magogoni: Peponi ya Abdulrazak Gurnah, na mbili za Adam Shafi, yaani Vuta N'kuvute na Kuli. Nilidhani kuchagua kungenichukua dakika moja. Kulinichukua jioni nzima, na hesabu niliyoipiga jioni hiyo ndiyo ninayoiandika hapa, kwa ajili ya yeyote aliye na nafasi ya kitabu kimoja na asiyetaka kuipoteza.

Kwanza niseme kwa nini ni halali kuziweka riwaya hizi kwenye mizani moja. Zote tatu zinauzungumzia mwambao wetu kabla ya uhuru, na waandishi wote wawili ni watu wa Unguja. Zikipangwa kwa kufuata miaka ya visa vyake, Peponi inatangulia, kwa kuwa inaishia pale Wajerumani wanapokusanya askari kuelekea Vita Kuu ya Kwanza. Kuli inafuata, nayo inafikia kilele chake kwenye mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Unguja wa mwaka 1948. Kisha inakuja Vuta N'kuvute, iliyojaa harakati za miaka ya mwisho ya Mwingereza visiwani. Zikipangwa kwa tarehe ya kuchapishwa, Kuli ilitoka mwaka 1979, Paradise, ambayo ndiyo Peponi katika Kiingereza chake cha asili, ilitoka mwaka 1994, na Vuta N'kuvute ikatoka mwaka 1999. Wapo watakaokushauri ufuate mojawapo ya mipangilio hiyo miwili ili uione historia ikitiririka. Ushauri huo unamfaa mwalimu anayeandaa somo. Msomaji wa kawaida, ambaye kitabu chake cha kwanza kikimchosha hatakigusa cha pili, anahitaji kipimo kingine, na kipimo changu ni hiki: kitabu kinakudai nini kabla hakijakupa chochote?

Vuta N'kuvute haidai chochote. Unaifungua, na sentensi ya kwanza inakuwekea mbele ya macho uso wa Yasmin, kijiuso cha mduara kilichofananishwa na tungule. Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kusita hapo kwa nusu dakika, kwa kuwa huku kwetu tungule ni nyanya na wengi hawajawahi kulisikia neno hilo la visiwani, lakini akishaelewa atakiri kwamba hakuna nyanya iliyowahi kufanya kazi kubwa kama hiyo katika sentensi moja. Yasmin ni binti wa Kihindi ambaye ameozwa Bwana Raza, mwenye duka katika mtaa wa Mtendeni, Unguja. Binti ana miaka 15, mume ana miaka 52. Mwandishi hahitaji kutuhutubia kuhusu ubaya wa ndoa hiyo, kwa sababu hesabu yenyewe inatosha. Kurasa chache baadaye umeshajua kwamba binti huyu hatakaa, na unachosubiri ni kuona atatoka kwa mlango gani na atapokelewa na nani. Anapotoka, ndugu zake wanamfungia milango, na anayempokea ni Mwajuma wa Ng'ambo, ule upande wa pili wa mji, mwanamke asiye na mali, asiye na jina, mwenye chumba chake na ucheshi wake na ngoma zake. Kuanzia hapo kisa kinakimbia: anaingia Denge, kijana aliyesoma Urusi na kurudi na mawazo ambayo serikali ya kikoloni haitaki kuyasikia, na nyuma ya Denge wanaingia makachero, Inspekta Wright na Koplo Matata, na mapenzi yanachanganyika na siasa hadi huwezi tena kuvitenganisha.

Nilikosa kivuko mara moja kwa ajili ya kitabu hiki. Geti lilifunguliwa, watu wakasukumana na baiskeli zao na ndoo zao za samaki, nami nikabaki nimeegemea nguzo kwa kuwa Koplo Matata alikuwa anabisha hodi.

Nakala niliyokuwa nayo niliiokota, kama tunavyosema, kwa muuza vitabu wa chini maeneo ya Posta, na ilikuwa imeshapita mikononi mwa mwanafunzi. Vuta N'kuvute imekuwa miongoni mwa riwaya za kidato cha tano na cha sita, kwa hiyo nakala za namna hiyo hazikosi mitaani. Pembeni mwa kurasa palikuwa na maandishi ya penseli, madogo na ya uangalifu: "dhamira", "mgogoro nafsia", "nafasi ya mwanamke", na katika ukurasa mmoja, kando ya jina la Mwajuma, "mhusika bapa". Maneno hayo mawili yaliniudhi kwa siku nzima. Mhusika bapa, kwa wasiokumbuka darasa hilo, ni yule asiyebadilika tangu mwanzo hadi mwisho wa kisa. Ni kweli kwamba Mwajuma habadiliki. Anaanza akiwa mkarimu na anamaliza akiwa mkarimu. Lakini katika riwaya ambamo kila mtu anavutwa huku na kule, na jina la kitabu ndilo linalosema hivyo, mtu mmoja aliyesimama palepale mlango ukiwa wazi ndiye nguzo inayozuia nyumba nzima isianguke, na kumwita bapa ni sawa na kuilaumu nguzo kwa kutocheza ngoma. Nilitaka kulifuta neno lile. Sikulifuta, kwa kuwa huenda lilimpatia mtu alama mbili.

Hilo linanileta kwenye kasoro kubwa ya Vuta N'kuvute kwa msomaji wa umri wa mpwa wangu, kasoro ambayo haimo kitabuni bali imo ndani ya msomaji. Nilipomtajia jina lake alikunja uso na kusema ameshaisoma. Nilimwuliza Mwajuma alimpikia nini Yasmin, akacheka. Kilichobaki kichwani mwake kilikuwa orodha ya dhamira tano zenye mifano miwili miwili, tayari kwa swali la kujadili. Ikiwa nawe uliisoma kwa namna hiyo, usihesabu kwamba umeisoma. Lakini pia usianze nayo sasa hivi, kwa sababu kila ukurasa utakukumbusha chumba cha mtihani. Mpe Yasmin miaka miwili mitatu, kisha mrudie. Na ikiwa hukuisoma shuleni kabisa, basi huna haja ya kuendelea na ulinganisho huu, anza nayo. Jambo moja tu la kuangalia ni filamu. Amil Shivji aliitengenezea riwaya hii filamu iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, na ni filamu nzuri ya kutazama, lakini imeushika zaidi uzi wa mapenzi ya Yasmin na Denge, na anayeanza na filamu atafika kitabuni akiwa na nyuso za waigizaji kichwani badala ya ule uso wa tungule. Soma kwanza, tazama baadaye.

Peponi inadai jambo moja, na jambo lenyewe si dogo: inakudai ukubali kutoambiwa. Mtoto anaitwa Yusuf, ana miaka 12, na baba yake ana hoteli katika mji mdogo ulio kando ya reli. Kila mara tajiri mmoja aitwaye Aziz anapopita na msafara wake, mtoto hupewa sarafu ya anna kumi. Mtoto anamwita ami, kama ndugu wa baba yake, anaipenda harufu ya mavazi yake, na anaisubiri sarafu. Siku moja anaambiwa ataondoka na ami yake kwenda pwani, anapakiwa kwenye treni, na hakuna anayemweleza kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Anakuja kuelezwa baadaye, na Khalil, kijana wa dukani ambaye naye ni rehani, na anaelezwa kwa ukali, katika kulifuta lile neno "ami" kinywani mwake: huyu si ami yako, huyu ni bwana wako. Sijasoma kwa muda mrefu ukatili uliosimuliwa kwa sauti ya chini kiasi hicho. Hakuna anayepiga kelele. Chakula kinaletwa, bustani inamwagiliwa maji, wateja wanataniwa, na katikati ya utulivu huo mtoto anazidi kuelewa kwamba sarafu zile za anna kumi zilikuwa aina fulani ya risiti.

Linganisha na Bwana Raza wa Mtendeni. Yasmin na Yusuf wote wawili wametolewa na wazazi wao kumpa mtu mzima mwenye mali, na kwa maana hiyo riwaya hizi zinaanza na kosa lilelile. Lakini Shafi anamfungulia Yasmin mlango mapema sana, anamwonyesha njia ya Ng'ambo, na riwaya nzima inakuwa riwaya ya mtu anayekimbia kuelekea mahali fulani. Gurnah anamwacha Yusuf ndani. Hata anapotolewa nje, anatolewa kwa msafara wa biashara unaokwenda bara, safari ndefu ya wapagazi, mizigo, homa, hongo kwa machifu na mnyapara mwenye mkono mzito, safari ambayo inaharibika vibaya wanapofika kwa chifu aitwaye Chatu. Na anaporudi pwani, bustani ileile inamsubiri. Msomaji anayependa kumwona mnyonge akisimama na kusema basi atakereka. Mimi nilikereka kwa kurasa kama hamsini. Halafu nilianza kuona kwamba mwandishi ananiuliza swali ambalo Shafi hakuniuliza: mtu aliyelelewa vizuri ndani ya kifungo, akala, akavaa, akafundishwa biashara na kusafirishwa, anajuaje kwamba ni mfungwa?

Aziz ndiye anayefanya swali hilo liwe gumu. Koplo Matata ukimwona unajua mara moja umchukie, na kumchukia kunaburudisha. Aziz ni mpole, mcha Mungu, hapayuki, hampigi mtoto, anawatunza watu wake safarini. Angekuwa hai leo angekuwa mzee wa heshima mtaani, anayeketi safu ya mbele msikitini, na harusini angekuwa wa kwanza kutoa mchango. Na ndiye anayechukua watoto wa watu kuwa rehani. Gurnah hatusaidii kumhukumu. Tena, kwa kuwa Mjerumani yuko njiani na bendera yake yenye ndege mweusi, msomaji anajikuta akimwonea huruma tajiri ambaye dunia yake ya misafara inakatika, kisha anajishtukia na kujiuliza kwa nini.

Kuhusu lugha, hapa ndipo nilipotarajia Peponi ishindwe na haikushindwa kwa namna niliyotarajia. Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948 na kuhamia Uingereza akiwa kijana, aliiandika riwaya hii kwa Kiingereza. Iliorodheshwa miongoni mwa vitabu vilivyofika hatua ya mwisho ya kuwania tuzo ya Booker ya Uingereza mwaka uleule ilipotoka. Na ilichukua miaka 28, na Tuzo ya Nobeli ya Fasihi aliyopewa Gurnah mwaka 2021 katikati yake, kabla Ida Hadjivayanis hajaitafsiri na Mkuki na Nyota wa hapahapa Dar es Salaam kuichapisha kwa Kiswahili mwaka 2022. Miaka 28 wahusika wake walikuwa wakizungumza Kiswahili ndani ya Kiingereza, na sasa wamerudishiwa ndimi zao. Khalil anapomtania Yusuf, utani unakaa mahali pake. Mnyapara anapofoka, unamsikia. Sehemu za maelezo, hata hivyo, zina mwendo wa polepole wenye tahadhari ambao nadhani ni wa Gurnah mwenyewe katika lugha yoyote ile, na anayetoka kwenye Kiswahili cha Shafi, kinachotiririka kama mazungumzo ya barazani baada ya alasiri, atahitaji kupunguza kasi. Kwa hiyo Peponi si kitabu cha foleni. Nilijaribu kuisoma kivukoni nikajikuta narudia aya moja mara tatu huku kipaza sauti kikituhimiza tusogee. Niliimaliza nyumbani, usiku, feni ikizunguka, na ndipo iliponiingia.

Kuli nitaizungumzia kwa ufupi, si kwa dharau. Rashidi, mtoto wa mchukuzi wa bandarini, anampoteza baba yake, anaingia kazi ileile, na polepole anafunguliwa macho na wenzake hadi kufikia mgomo. Riwaya hii inadai uvumilie kufundishwa. Ilitoka katika miaka ambayo fasihi yetu ilibebeshwa jukumu la kueleza unyonyaji ni nini, na kuna kurasa ambazo wahusika wanaacha kuzungumza na kuanza kuhutubia. Nguvu yake imo katika kazi yenyewe: magunia, jasho, foleni ya vibarua asubuhi wakisubiri kuona nani atachaguliwa na nani atarudi nyumbani mikono mitupu. Ninapovuka Magogoni jioni na kuziona winchi za bandari yetu zimesimama upande wa pili na kontena zimepangana, nakumbuka kwamba makuli wa Dar es Salaam nao waligoma mwaka 1947, mwaka mmoja kabla ya wenzao wa Unguja, na sijui riwaya iliyowapa wao mtu kama Rashidi. Ikiwa nyumbani kwenu kuna mtu aliyewahi kufanya kazi bandarini, au wewe mwenyewe umewahi kusimama alfajiri mahali ukisubiri kuchaguliwa, basi Kuli inaruka foleni na kuwa ya kwanza, na hotuba zake hazitakusumbua hata kidogo, kwa sababu utazisikia kama maneno ya mtu aliyechoka.

Upatikanaji nao una uzito wake katika kuchagua. Vuta N'kuvute utaipata karibu popote, ikiwemo chini kabisa pembeni mwa barabara, kwa sababu ya shule. Peponi ni ya kutafuta dukani, na safari ya kwenda Mtaa wa Samora, kwenye duka la vitabu la TPH, haijawahi kunirudisha bure. Kuli ni ya kubahatisha kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika, na asiyetaka kununua anaweza kupita Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi, akae kwenye kiti na kusoma kimyakimya. Ila chunguza nakala yoyote ya mkono wa pili kabla ya kulipa. Kuli yangu ilikatika kurasa nne katikati, na muuzaji, nilipomrudia, aliniambia kwa upole kabisa kwamba kurasa nne kwa kitabu kikubwa namna ile si nyingi.

Basi jioni ile niliviweka vitabu vyote vitatu mbele ya mpwa wangu na kumweleza kama nilivyoeleza hapa, kwa maneno machache zaidi. Ningekuwa namchagulia mtu asiyewahi kukutana na Yasmin darasani, ningempa Vuta N'kuvute bila kufikiri mara mbili, na ningemwahidi kwamba ataimaliza ndani ya wiki hata kama ana kazi na watoto. Kwa mtu ambaye ameshaisoma, au ameshaikariri, na ambaye ana usiku kadhaa wa utulivu mbele yake, ni Peponi. Yeye alikuwa na usiku wa kutosha. Alikichukua, akakipima uzito mkononi kama anayenunua nyanya, akauliza kama kina maswali mwishoni. Nilimwambia hakina.

Aliondoka nacho kwenda kwa bibi yake Mbagala. Siku ya sita nilipokea ujumbe kwenye simu, saa tano usiku, wakati ambao kwa kawaida huwa amelala: "Mjomba, samahani kwa usumbufu. Huyu Aziz tumweke upande gani?" Nimeandika jibu mara mbili na kulifuta mara mbili. Mara ya kwanza niliandika kwamba ni mtu mbaya. Mara ya pili nilianza na neno "lakini", nikakuta sina cha kuweka kabla yake.